Lempi Heikkila na Astronomia ya Pili

Ndugu zetu, majirani, na nyote mliovaa mabuti kwa sababu makaburi bado yana tope: asanteni kwa kusubiri tangu Februari ardhi iliyoganda iyeyuke ndipo tumzike. Babu ameniomba mimi, Elsi, mjukuu wake, nisome maisha ya Bibi. Amesema nisiharakishe.

Marehemu Lempi Orvokki Heikkila alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 mjini Calumet, Michigan, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Arvo Tuomela, mchimbaji wa shaba, na Mama Impi, aliyepika katika nyumba ya wapangaji. Baba yake alikuwa akitoka chini ya ardhi jioni, anasimama kwanza uani na kuangalia juu kabla hajaingia ndani. Bibi alisema ndivyo alivyojifunza kwamba juu kuna kitu.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapo Calumet, kisha akaenda Ann Arbor kusoma fizikia na astronomia. Darasani alikuwa msichana pekee. Alipata shahada ya uzamili mwaka 1972, akapewa nafasi ya kazi Arizona, kule ambako anga ni safi karibu mwaka mzima, akaikataa. Akarudi huku kwetu, ambako ziwa linatupikia mawingu kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mama we, kule kila mtu anaona. Nani angenihitaji?"

Mwaka 1975 alifunga ndoa na Babu Reino, dereva wa katapila la kusukuma theluji, katika kanisa hilihili. Walijaliwa watoto wawili, baba yangu Carl na shangazi Ruth. Babu hakuwahi kusoma somo la Bibi hata siku moja. Alisema, "Mimi nimemwoa mwalimu, sikujiandikisha."

Kazi ya Bibi ya ualimu ilianza Septemba 1974 katika chuo cha hapa mjini, na akaifanya mpaka alipostaafu mwaka 2016. Alifundisha Astronomia ya Kwanza. Wengi wenu mliopo hapa mlipita mikononi mwake, na wengi mlianguka. Chuo kilitaka kila mwanafunzi achukue somo moja la sayansi kabla ya kuhitimu, na kila mwaka uvumi ulikuwa uleule: chukua nyota, ni picha tupu. Wakaja na blanketi na chupa za chai, wakakuta hesabu.

Mwisho wa muhula, mwalimu alitakiwa atoke nje wanafunzi waandike maoni yao kuhusu somo na mwalimu. Bibi alisimama kwenye korido na mkate wake wa iliki chini ya kitambaa, kwa sababu hairuhusiwi kuwalisha kabla hawajaandika, ingekuwa hongo. Wakimaliza, ndipo anaingia na kuwakatia vipande, hata wale waliokuwa wametoka kumtukana dakika ile.

Baadaye maoni yakahamia kwenye mtandao. Jumapili, yeye akisukuma unga, kazi yangu ilikuwa kumsomea.

"Anza na ya matusi," angesema.

"'Nilidhani tutatazama nyota. Tumetazama mawingu na hesabu.'"

"Mawingu si yangu. Endelea."

"'Nyota pekee niliyoiona muhula mzima ni ile aliyonichorea pembeni ya mtihani, na maana yake nimekosea.'"

Hapo alicheka mpaka unga ukamwagika.

"'Mama mwenyewe mkarimu, lakini mtihani wake ni wa kinyama. Jamani, chukueni jiolojia, mawe hayana shida na mtu.'"

"Haya. Kuna aliyeuliza kinachofuata?"

"Hakuna, Bibi."

Alikuwa akiuliza hivyo kila mara, na kila mara jibu langu lilikuwa hilo. Nilichelewa kuelewa. Alikuwa ameandaa Astronomia ya Pili, na kila mwaka chuo kiliichapisha kwenye orodha ya masomo. Ili ifundishwe walihitajika wanafunzi wanane. Wakajiandikisha watatu, mwaka mwingine watano, mwaka mwingine hakuna, ikafutwa. Alistaafu hajawahi kuifundisha. Matusi hayakumuuma. Kilichomuuma ni kwamba walifika mlangoni, wakalalamikia ngazi, wakageuka.

Oktoba mwaka jana madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Aliomba auguzwe nyumbani, na kitanda chake kikawekwa chumba cha kulia chakula, dirishani. Januari nilimuuliza, "Bibi, Astronomia ya Pili inaanzaje?"

Akanikazia macho. "Unaniuliza kwa huruma, au unataka kujua?"

"Nataka kujua."

"Basi wawili hatutoshi."

Kwa hiyo niliandika kwenye ule ukurasa wa maoni: Astronomia ya Pili, Jumamosi tarehe 20 Januari, saa nane mchana, nyumbani kwa Profesa Heikkila. Hakuna alama. Sikutegemea mtu. Wakaja, wakikung'uta theluji kibarazani, watu wazima wenye vipara. Wa kwanza alikuwa Curtis Beaudry, fundi wa pikipiki za theluji, ambaye alianguka Astronomia ya Kwanza mara mbili.

"Profesa, ile ya mtihani wa kinyama niliandika mimi."

"Swali gani lilikuuma?"

"La nne."

"La nne lilikuwa rahisi, Curtis."

"Ndiyo maana nina hasira mpaka leo!"

Bibi akahesabu vichwa. Pamoja na mimi na muuguzi aliyekuwa akimhudumia, tulikuwa saba. Babu alikuwa anajivuta kwenda kulala.

"Reino, kaa chini. Bila wewe somo linafutwa."

"Mwanamke, nimekukwepa miaka arobaini na nane."

"Kaa."

Akakaa. Bibi alikuwa amepungua mpaka pete haikai kidoleni, lakini sauti yake siku hiyo ilifika jikoni.

Tulipata masomo matano. La tano, tarehe 17 Februari, lilihusu nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu. Ukijua nyota inachukua muda gani kufifia na kung'aa tena, unajua mwanga wake halisi. Ukijua mwanga wake halisi, unajua iko mbali kiasi gani. Nilichora kwenye ubao huku yeye akinielekeza. "Basi watu wakapima nyota za namna hiyo ndani ya kiwingu kimoja kidogo cha mwanga kinachoonekana angani usiku," akasema, "wakapata jibu lililowatisha." Akafumba macho. "Nimechoka. Jumamosi nitawaambia."

Alifariki Alhamisi, tarehe 22 Februari 2024, asubuhi, akiwa na miaka sabini na sita, Babu akiwa amemshika mkono.

Jumamosi ile walikuja wote. Hakuna aliyewaita. Curtis alisimama mbele ya ubao, kofia mkononi.

"Halafu?" akasema.

Nikatoa simu. "Naweza kutafuta, ni sekunde moja tu."

"Iweke hiyo simu, Elsi," akasema Babu. "Nataka kulisikia jibu kwake."

Tukakaa. Tukanywa kahawa. Baadaye nilitafuta, nikiwa peke yangu, na jibu lipo, na ni kubwa kweli. Lakini simu haikusita pale ambapo yeye angesita, wala haikuniangalia kuona kama nimeelewa.

Marehemu ameacha mume, Reino, watoto, Carl na Ruth, wajukuu wanne, dada yake, Helmi, wa Duluth, na wanafunzi wanane wa Astronomia ya Pili, ambao hakuna aliyejitoa.

Pumzika kwa amani, Bibi. Saa nane za Jumamosi bado tunapanga viti.