Bibi wa Kwenye Picha

Kijiwe chenyewe kiko Mlandege, ubavuni mwa karakana ya makochi, na mwezi wa saba, baridi ya Iringa ikishakamata kweli, mwenye haraka zake hakai pale. Watu wanakuja na makoti yao ya mitumba, wanakumbatia vikombe vya muuza kahawa Lutengano, Mnyakyusa wa Tukuyu anayeamini kwamba kahawa inaota kwao tu, halafu wanabishana. Spika hakosi, jina lake ni Jailos, na huwa anawaruhusu watu waongee wakati hakuna aliyemwomba ruhusa. Mkoloni naye hakosi, yaani Anord, aliyestaafu kwenye mashamba ya chai ya Mufindi akarudi mjini na kaptula na ubishi. Na yupo mwenye karakana, Vitus Kalinga, ambaye wote wanamwita Sofa. Ijumaa hiyo Sofa hakuwa na raha hata kidogo.

Wiki iliyotangulia alikuwa amewatoa wanawe kutembea, maana shule zimefungwa na watoto wameshachoka kukodolea macho barabara. Isimila walikwishapelekwa na walimu wao, mwamba wa Gangilonga wameupanda mpaka wameukinai, basi akawapeleka kwenye jumba dogo la makumbusho nje ya mji. Waliona mikuki, wakaona vigoda, wakaona na redio ya mbao iliyowachekesha sana. Kwenye chumba cha mwisho palikuwa na picha kubwa ya mama mmoja, iliyopigwa na mzungu enzi za ukoloni, na chini yake kibao kimeandikwa: Mwanamke akitwanga mahindi. Sofa alisimama pale mpaka watoto wakaanza kumvuta koti. Sikio lile la kushoto lililochanika, na ile tabia ya kuuma mdomo wa chini akiwa kazini, angeachaje kumtambua? Alikuwa bibi yake mzaa baba, aliyemlea tangu mama yake alipoondoka nyumbani. Usiku wa baridi alikuwa anamwambia aweke miguu tumboni kwake ipate joto.

Alimwendea msimamizi wa jumba hasira zimempanda. Yule bwana alimsikiliza kwa adabu, akamwambia ana bahati, kwa sababu vibao vyote vinapelekwa kuchapwa upya. Alete maelezo ya huyo bibi, mwisho Ijumaa mchana. Kikishachapwa, kibao hakiguswi tena, pengine mpaka wao wote wawe wamekufa. Ndiyo maana Sofa alikuwa ameacha kochi la watu halijavishwa kitambaa, akaja kuomba msaada benchini.

— Watu wazima, wasomi, wamemtazama bibi yangu wakaandika mwanamke, alisema. Kama wanaandika mbuzi. Mimi nataka aandikwe kama mtu.

Spika alichana kipande cha boksi, akatoa kalamu, akatangaza kwamba kikao kimeanza na cha kwanza ni cheo. Mkoloni akasema cheo hakina mjadala. Yeye kaishi na wazungu, anawajua; mzungu wa zamani hakuwa anapoteza picha kwa mtu wa hivihivi. Huyo lazima alikuwa mke wa mtwa, chifu wa Wahehe. Lutengano akauliza mke wa mtwa anatwanga mwenyewe kwa sababu gani, wajakazi wameenda wapi? Mkoloni akajibu kwamba hapo ndipo penye siri: alikuwa anajifanya. Basi Lutengano, ambaye hakubali kushindwa kwenye uongo na watu wa Iringa, akasema kama alikuwa anajifanya, mle kinuni hamkuwa na mahindi, mlikuwa na risasi.

— Na lile sikio? Spika alidakia. Lile alichanwa na askari wakati wa kuhojiwa. Hakutaja mtu.

Sofa alijua sikio lilichanwa na tawi la mti, hereni iliponasa siku bibi anatoka kuokota kuni. Alimsimulia mwenyewe, tena huku anacheka. Lakini kila uongo uliokuja ulimwinua bibi kidogo, na Sofa alikuwa ameumia mno wiki nzima kiasi cha kutamani ainuliwe hata kwa uongo. Akaacha waendelee. Kahawa ilipojazwa tena, boksi la Spika lilikuwa limeshafika mahali pa kusomeka hivi: Malkia na shujaa, mpelelezi, mganga na mshauri wa watwa, akijifanya anatwanga mahindi.

— Hapo sasa, Mkoloni alisema. Hapo hata wewe Sofa unatembea kifua mbele.

Wakati huo mama mmoja wa makamo, Faustina, kutoka Igowole, alikuwa ameegemea mlango wa karakana. Alikuja kuuliza bei ya kushonesha viti, akasalimia kamwene, akapewa kikombe, akasikiliza maneno yote. Spika alipomaliza kusoma kwa sauti, akaweka kikombe chini.

— Samahani kaka zangu. Huyo mama alikuwa anaitwa nani?

— Mama Aroni, Sofa alijibu harakaharaka.

— Aroni ndiye nani?

— Baba yangu. Ndiye kifungua mimba wake.

— Sawa, hilo ni la mtoto. Kabla hajamzaa huyo Aroni, alikuwa anaitwaje?

Sofa aliwageukia wenzake, kana kwamba wao wanalijua. Spika alisema kanisani watakuwa wanalo, lakini Sofa akatikisa kichwa: bibi aligoma kubatizwa mpaka anakufa. Baba alishakufa. Shangazi Tekla, wa mwisho katika watoto wa bibi, walimzika mwaka jana, na matanga yote Sofa alikuwepo, hakuwaza kumuuliza mtu kitu. Akampigia simu dada yake Devota, anayeuza mchele Mwanjelwa, Mbeya. Devota alidhani ni utani, akacheka. Kisha benchi zima likasikia kelele za soko tu kwenye simu.

— Subiri, Devota alisema. Bibi... subiri kwanza. Kwani babu alikuwa anamwitaje?

— Mama Aroni.

— Basi, mdogo wangu, hakuna aliyekuwa anamwita jina lake.

Simu ilipokatika, Mkoloni alisema kwa upole, jambo ambalo si kawaida yake, kwamba waandike jina lolote zuri la Kihehe, nani atajua. Sofa alikuwa anajaribu kumsikia mtu yeyote, hata jirani, hata mara moja, akimwita yule mama kutoka uani kwa jina lake, na hakusikia kitu. Machozi yakamtoka mbele za watu wala hakuyafuta.

Mchana msimamizi wa makumbusho alipiga simu mwenyewe, akasema yuko tayari na kalamu, ampe jina kwanza, habari nyingine zitafuata. Sofa alisimama na simu sikioni, Spika bado ameshika boksi lake.

— Acheni kibao kama kilivyo, Sofa alisema.