Shimo Linalojaa kwa Zamu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi. Lina miguu minne, mmoja ni tofali. Hapo matatizo ya dunia hutatuliwa kila siku kabla ya saa saba mchana, na kwa vile hutatuliwa vibaya, kesho yake hurudi yote. Alhamisi hiyo Injinia aliingia kijiweni anachechemea, mguu mmoja una kiatu, wa pili una tope hadi gotini. Injinia si injinia. Ni fundi mwashi, na darasa la saba alilichungulia tu dirishani, lakini ukimsikiliza utadhani milima yote duniani aliipiga plasta yeye. Safari hii alikuwa na shida ya kweli. Dada yake, mpishi wa shule ya bweni, alikuwa anajenga nyumba yake ya kwanza kwenye kiwanja cha kule nyuma ya majani marefu, jirani na hori la mikoko. Aliyekikagua kile kiwanja ni Injinia, akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba pale hata jengo la ghorofa arobaini halitikisiki. Sasa shimo la msingi linajaa maji kila siku, na saa nane dada anakwenda dukani kupakia simenti. Kabla ya saa nane lazima apatikane mtu wa kulaumiwa.

— Mama Birika, nipe kahawa kali, alisema akijitupa kwenye benchi. Leo nimemnasa.

— Umemnasa nani? aliuliza Wembe, kinyozi, taulo begani.

— Dobi. Nani mwingine? Kibanda chake na kiwanja cha dada yangu vinatazamana kama mtu na mke mwenza. Anafua kutwa nzima, maji machafu anayamwaga wapi? Kwenye shimo langu!

— Umemwona akimwaga?

— Sijamwona.

— Sasa umemnasaje?

— Wembe, wewe kazi yako ni vichwa vya nje, vya ndani niachie mimi. Nimejificha kwenye majani tangu asubuhi. Nimezama hadi hapa, unaona? Kiatu kimebaki huko, tope limekinyonya kama pipi. Saa nne na nusu, shimo likaanza kujaa. Kutoka chini! Maji yale ungeogesha tembo watatu na mama mkwe wao. Natazama kulia, Dobi hayupo. Natazama kushoto, hayupo. Mtu anajaza shimo bila kuonekana! Huoni kama huyo ni hatari?

Redio akasogea. Huyu hutengeneza redio mbovu, na kwa kuwa zote zinaongea mbele yake, hakuna habari asiyoijua, ya kweli na ya kupikwa.

— Saa nne na nusu umesema? Jana ilikuwa saa ngapi?

Injinia akatoa kipande cha mfuko wa simenti. Alikuwa ameandika kwa penseli ya fundi, herufi kubwa kama za kwenye lori.

— Jumatatu saa mbili kamili. Jumanne saa tatu kasoro dakika kumi. Jana saa tatu na dakika arobaini. Leo saa nne na nusu.

— Na usiku?

— Usiku pia. Mara mbili kwa siku, hakosi.

Redio akapiga paja.

— Basi huyo si mtu mmoja. Hao ni kikosi! Wanafanya kwa zamu. Zamu ya mchana, zamu ya usiku. Na wanachelewa karibu saa nzima kila siku makusudi, usiwazoee.

— Mi naona ni mvivu tu, alisema Mama Birika akimimina. Mtu anayechelewa kazini kila siku namjua, nimeolewa naye.

— Shemeji, hapa tunazungumza uhalifu, Injinia akamkata. Wembe, lete ushahidi wangu.

Ushahidi ulikuwa bonge la udongo ndani ya mfuko wa nailoni. Injinia alilichimba kutoka chini ya shimo mapema asubuhi, akamwachia Wembe amtunzie dirishani. Wembe akaufungua mfuko. Benchi zima likaziba pua, hata mteja aliyekuwa nusu amenyolewa akatoka nje na nusu yake.

— Mayai viza! alipiga kelele Mama Birika. Ondoa hapa, kahawa yangu itachacha!

— Mmesikia wenyewe, Injinia alisema. Mayai. Mtu ametupa mayai viza shimoni kwa dada yangu, na si kumi, trei elfu. Sasa tazameni rangi. Asubuhi udongo huu ulikuwa mweusi wa bluu, bluu kama...

Bonge lililokuwa mbele yake lilikuwa la kijivu na kahawia, kama udongo wowote wa barabarani.

— Huu si udongo wangu.

— Ebo! Ndio uleule, alisema Wembe.

— Wangu ulikuwa bluu! Wembe, nani kaingia dukani kwako?

— Wateja wameingia.

— Dobi je?

— Alikuja kunyoa ndevu...

— Haya! Injinia akasimama kwa mguu wenye kiatu. Kabadilisha! Kaja na bonge lake mfukoni, kachukua langu. Na wewe ulikuwepo. Mlikubaliana nini wakati unampaka povu?

— We Injinia, usinitie kwenye mambo yako! Tumejuana miaka yote hii, leo niuze udongo?

— Na hii mistari myekundu je? Redio aliingilia, amechuchumaa. Ona, kutu. Inafuata vitundu vya mizizi. Hapo chini kuna chuma. Mzee, hiyo ni meli. Meli nzima imezikwa, na Dobi anaijua, ndiyo maana hataki mjenge.

— Meli yenye mayai? aliuliza Mama Birika.

— Meli ya mayai, ndiyo. Kwani mayai hayasafiri?

Injinia hakucheka. Ile meli ilimwingia vizuri, ilikuwa kubwa kama alivyopenda. Akaona kabisa jinsi atakavyomweleza dada: kiwanja ni kizuri, ila kina maadui. Akajifuta mguu kwa taulo la Wembe.

— Nakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa sasa hivi. Dobi ahame kabla ya jua kuzama. Na wewe Wembe utakuwa shahidi, la sivyo mshtakiwa wa pili.

— Mshtakiwa wa nini tena, kaka?

Dada alikuwa amesimama nyuma yao, aproni ya shule bado kiunoni, kiatu chenye tope mkononi. Akakiweka miguuni pa Injinia.

— Nimekikuta kiwanjani. Shikamoo.

— Marahaba. Dada, kaa. Nimegundua mambo mazito. Dobi anatumwagia maji, mara mbili kwa siku, kwa zamu, na leo kamtumia huyu kinyozi kubadilisha udongo.

Dada hakukaa. Akaliangalia lile bonge, akalishika kwa mikono miwili, akalivunja kama mkate. Nje lilikuwa kahawia, ndani jeusi la bluu, linanuka upya. Wembe akashusha pumzi ndefu. Injinia akaangalia vidole vyake.

— Halijabadilishwa na mtu, alisema dada. Limepigwa tu na upepo, likabadilika rangi kwa nje. Nilipitia pale shimoni. Yale maji niliyachovya kidole nikaonja.

— Umeonja? Maji yale?

— Mimi mpishi, kaka. Nitajuaje kitu bila kuonja? Sasa niambieni nyie mnaojua: dobi gani duniani anafulia maji ya chumvi?

Wembe akakung'uta taulo ambalo lilishachafuka. Ikawafikia sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikiliza hapo kijiweni: bahari inayojaa na kupwa mara mbili kwa siku, mbali nyuma ya majani, ambayo kutoka kiwanjani huioni. Siku ile ya kukagua, Injinia alifika saa tisa, maji yamekupwa, ardhi imekauka, akapiga kisigino mara moja tu. Hakuchimba.

— Mama Birika, ongeza, alinong'ona.

— Imeisha.

Dada akachungulia saa ya Redio.

— Saa nane kasorobo. Lori linanisubiri dukani. Kaka, simenti niichukue?

Injinia akakivaa kile kiatu, tope lote ndani, likachuruzika pembeni. Mtu ambaye salamu yake tu huchukua nusu saa.

— Usiichukue, alisema.