Mutobe Ambao Esperansi Hakuuonja

Ndugu zangu, Tumsifu Yesu Kristo. Sifa zote ni zake Bwana aliyenifikisha leo mbele yenu nikiwa na akili timamu na mdomo wa kusema. Kwa wasionijua, mimi naitwa Adela. Nimeolewa hapa Runazi, lakini kwetu ni Ngara, upande wa Kibimba, nyumba ya mzee Fransisi. Nimeombwa niwashuhudie vijana wetu wanaojiandaa kwa Kipaimara, na nimekubali shingo upande, kwa sababu ushuhuda wangu hauna ulevi wala mapepo. Mimi Bwana aliniokoa na macho yangu mwenyewe.

Ndugu zangu, nilikuwa mtu wa kushuku. Ukinisalimia kwa furaha nilijiuliza unataka nini. Ukinisalimia kwa unyonge nilijiuliza umefanya nini. Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyenilea hivyo, Mungu amrehemu, na alinifundisha kwamba kinywaji hakipokelewi mpaka mwenye nacho ameonja mbele yako. Hilo hata ninyi mnalijua. Nimewaona wazee wa hapa: mwenye pombe anapiga funda la kwanza, ndipo anakupa mgeni. Ni heshima, na ni kusema kwamba humu hamna sumu. Wengi wanafanya kwa mazoea tu. Mimi nilikuwa namtazama mtu koo, nione kama kweli amemeza.

Basi, ikaja miaka ya wakimbizi. Wakubwa mnaikumbuka. Watu walimiminika kutoka ng'ambo ya mpaka na magodoro kichwani, na watoto, na wengine mikono mitupu. Kilima chetu kilikuwa na miti, kikabaki kipara. Mihogo ikang'olewa shambani kabla haijakomaa, mbuzi wakapotea. Mengine waliyafanya wao kwa njaa, na mengine tuliyafanya wenyewe tukawasingizia wao. Na Kihangaza chetu na Kirundi chao vinasikilizana, kwa hiyo hata kwa kusema hukuweza kumtambua mtu. Hilo ndilo lililonikosesha raha kabisa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kila sura mpya njiani niliipa kosa.

Mwaka huo nilikuwa kwenye mafundisho ya Kipaimara kigangoni kwetu. Katekista wetu, Mwalimu Bonifasi, alikuwa mpole lakini mgumu kwenye mambo ya imani. Siku moja akatuletea msichana mkimbizi, Esperansi, amenizidi mwaka mmoja au miwili. Hakuwa akikaa kambini. Alikuwa akiishi kwa Bi Yustina, mjane wa kijijini, akimsaidia kulima. Mwalimu akatuambia huyu ni mwenzenu, ataipokea sakramenti pamoja nanyi. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikaanza kazi yangu.

Nikaona anakaa mlangoni sikuzote, hata benchi la mbele likiwa tupu. Nikasema moyoni, anataka njia ya kukimbilia. Nikaona anasema huku amejifunika mdomo kwa kitenge. Nikasema, anaficha sura. Tukiimba anatoka nje. Na kila asubuhi ya mafundisho, somo likiwa katikati, anasimama, anamwinamia Mwalimu, anashika njia ya bondeni, anarudi baada ya nusu saa. Nilimuuliza Mwalimu anakwenda wapi. Akanijibu, "Adela, shughulika na amri kumi, bado hujazishika zote." Nikamshuku na Mwalimu.

Ndugu zangu, kwetu kulikuwa na desturi. Jumamosi ya mwisho ya mafundisho, kila kijana alileta chakula, tukala pamoja. Nilileta chungu cha maharage, nikafuatana na mdogo wangu Paskazia, mtoto wa miaka tisa, anisaidie kubeba. Esperansi alileta kibuyu cha mutobe, yale maji matamu ya ndizi mbivu yasiyochacha bado. Alikamua mwenyewe kwa ndizi za Bi Yustina. Kikombe kilikuwa kimoja. Akamimina, akampa wa kwanza. Wa kwanza akanywa, akampa wa pili. Nikangoja aonje yeye. Hakuonja. Kikombe kikazunguka darasa zima, kikamfikia, akakipitisha kwa jirani bila kukigusisha mdomoni.

Kiliponifikia mimi, fungu langu nililimwaga chini ya benchi. Nikageuka nimzuie Paskazia, nikakuta amekwisha kunywa na anaomba cha pili.

Alasiri ile Paskazia akashikwa na homa. Akatapika, akatetemeka, macho yakageuka mekundu. Wenzangu wote walikuwa wazima, ndugu zangu, wote waliokunywa, na hilo halikunipa hata shaka moja. Nilijua ipo sumu inayochagua mtu. Nikamwambia baba. Baba akawaita sungusungu, na sungusungu wakaja na fimbo zao na mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki kwa kadiri yake. Akaniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, kutokuonja si kosa la kumfunga mtu. Ulimwona akitia kitu?"

Hapo ndipo nilipoanguka. Sikuwa nimeona kitu. Lakini nilikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika anajiona hana haja ya kuona. Nikasema, "Ndiyo. Nilimwona akitia unga kwenye kibuyu."

Walikwenda kumtoa kwa Bi Yustina wakamfungia stoo ya ofisi ya kijiji. Kibuyu nacho wakakichukua kiwe ushahidi, wakakiziba kwa jani la mgomba. Ikasemwa kwamba Jumatatu atakabidhiwa kwa polisi apelekwe mpakani arudishwe kwao. Watu wote walijua kwao kulikuwa na nini. Baba yake na kaka zake waliuawa huko, yeye alikimbia peke yake. Bi Yustina alikaa mlangoni pa stoo akilia kwamba mtoto huyu ni mgonjwa, mwacheni. Wakamwambia mgonjwa ni yule aliyelishwa sumu.

Nilichokitenda kwa mdomo wangu hakikuishia kwa Esperansi. Kwa kuwa nilisema ni sumu, nyumbani walimtibu Paskazia sumu. Jumapili akaletwa mtu wa dawa za kienyeji, akamnywesha majani ya kutapisha. Mtoto akatapika mpaka akabaki hana nguvu ya kuinua shingo. Jumatatu asubuhi akawa hatujui tena majina. Baba alikuwa ameitwa ofisini kwenye makabidhiano, kwa hiyo mama, mjomba na mimi tukamfunga Paskazia kwenye machela, tukashuka naye bondeni hadi zahanati.

Nesi alikuwa mama wa makamo, mkali. Akampima damu, akarudi amekunja uso. Malaria, akasema, tena kali. Akamtundikia dripu huku anatugombeza. "Siku mbili mlikuwa wapi? Mtoto ana malaria mnamtapisha?" Mama akaeleza habari ya sumu. Nesi hakuelewa. Mama akamwambia ni yule mkimbizi wa Bi Yustina.

Nesi akaacha alichokuwa akifanya. "Esperansi? Kumbe ndiyo maana jana hakuja na leo hajaja. Yule anakunywa dawa za kifua kikuu hapa mbele yangu kila siku, na dawa zile hazirukwi." Akatuambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwagiza ajifunike mdomo, akae penye upepo, na asichangie kikombe na mtu. "Na ananitii kuliko ninyi wenyeji wote," akasema.

Ndugu zangu, nitasema kweli: kwanza nilimshuku nesi. Nikawaza labda wanajuana. Lakini mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani, na sikuweza kuyazuia. Mlangoni, kwa ajili ya upepo. Kitenge, kwa ajili yetu. Kutoka nje tukiimba, asije akatukoholea. Njia ya bondeni, ni hii niliyoshuka nayo. Alikipitisha kikombe bila kunywa, na kiu anayo, kwa sababu hakutaka sisi tuugue. Hakusema ugonjwa wake kwa sababu alijua tungemfukuza. Na kweli mimi ningekuwa wa kwanza kumfukuza.

Nilitoka zahanati mbio. Mama akaniita, sikugeuka.

Nilikuta watu wamejaa ofisini na gari la kumchukua limekwisha kufika. Esperansi alikuwa amesimamishwa katikati, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, anakohoa amegeuzia uso ukutani ili asimkoholee mtu. Hata hapo! Baba yangu alikuwa mbele kama mlalamikaji. Kibuyu kilikuwa mezani.

Sasa sikilizeni ujanja wa dhambi. Nilitaka kumwokoa bila kujitaja. Nikapenya hadi mezani, nikatoa lile jani, nikakiinua kibuyu nikanywa. Mutobe ulikuwa umekwisha kuwa pombe, chungu, unapanda puani. Nikanywa mafunda matatu, nikawaambia, "Mmeona? Hakuna sumu. Paskazia ana malaria, nesi amesema. Mwacheni aende."

Watu wakaanza kunong'ona. Nilidhani imekwisha. Mwenyekiti akanitazama kwa utulivu, akasema, "Vizuri. Basi wewe ulimwona akitia nini?"

Ningeweza kusema nilikosea, kwamba lilikuwa vumbi, au jua lilinipiga machoni. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, na wangelikubali, maana mimi ni mtoto wa mzee Fransisi na yeye ni mkimbizi. Sijui nieleze vipi kilichotokea. Sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Niliona tu kwamba nikilisema lile jibu, nitabaki ndani yake maisha yangu yote. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo, kwa mara ya kwanza bila maneno ya kukariri: nisaidie nifungue mdomo. Na mdomo ukafunguka. Nikasema, "Sikuona kitu. Nilisema uongo."

Baba alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili. Hakunipiga, hakunitazama. Alimwendea Esperansi akamfungua kamba kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia, "Binti yangu, utusamehe." Gari likarudi tupu. Bi Yustina akamfunika msichana wake kwa kanga wakaondoka, na hakuna aliyenisemesha mpaka nilipofika nyumbani. Paskazia alipona. Leo ana watoto wanne.

Mwalimu Bonifasi aliniondoa kwenye orodha ya Kipaimara. Hakufanya kwa hasira. Alisema mwaka mmoja zaidi hautaniua. Askofu alipokuja, nilikaa nyuma kabisa na akina mama wenye vichanga, nikamwona Esperansi akipakwa krisma, Bi Yustina amesimama nyuma yake. Nililia, na sikulia kwa wivu.

Mwaka uliofuata nikahitaji msimamizi. Shangazi aliyekuwa awe msimamizi wangu alikuwa amejitoa, anaona aibu. Niliona hakuna atakayekubali kuniwekea mkono begani mbele ya watu. Siku moja tunatoka ibadani, Esperansi akanifuata. Alikuwa amemaliza dawa, amenenepa mashavu. Akasema, "Mimi nimekwisha kupata Kipaimara. Naweza kukusimamia."

Mnadhani nilifurahi? Nilimshuku, ndugu zangu. Nilirudi nyumbani nikijiambia, huyu analipiza. Anajitolea, kisha siku yenyewe hatakuja, nibaki peke yangu mbele ya Askofu na kanisa zima linicheke. Hata hivyo nilimkubalia, maana sikuwa na mwingine, nikakaa na wazo hilo wiki tatu. Siku ya Kipaimara nilikuwa kwenye foleni nageuka kila mara kutazama mlango, na mlangoni hayupo. Hayupo kwa sababu alikuwa amekwisha kuingia na kukaa benchi la mbele kabisa. Zamu yangu ilipofika alinyanyuka, akaja nyuma yangu, mkono wake wa kulia ukatua begani kwangu.

Baada ya misa nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwa Kirundi, nami ninawapa kwa Kiswahili: "Tangu nivuke mpaka, nimezushiwa uongo na watu wengi. Wewe peke yako ndiye uliyerudi."

Ndugu zangu, neema ndiyo hiyo. Sikuistahili, sikuifanyia kazi, na nilipoletewa mkononi niliigeuzageuza nikitafuta kasoro. Namshukuru Mungu kwa kunivumilia. Hata leo sijapona kabisa. Bado macho yangu yanataka kuanza kazi yake, na kila asubuhi namwomba Bwana ayashike.

Ninyi vijana, Askofu anakuja Jumapili ijayo. Mtaulizwa kama mnasadiki, na mtaitikia kwa sauti kubwa, nami nitafurahi kuwasikia. Lakini kama kuna mtu hapa kijijini uliyemsema jambo ambalo hukuliona kwa macho yako, unamjua, na nyumba yake unaijua. Usiogope, Bwana atakufungua mdomo kama alivyonifungua mimi. Bado siku sita zipo. Nenda.