Maua ya Barafu na Kitasa cha Waya

Wasikilizaji wapendwa, leo msitarajie sauti ya kubembeleza. Tunamkumbuka mtunza chumba cha baridi katika ghala la nyama. Wenzake walimwita Pumzi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alifia kazini, ndani ya chumba hichohicho, nyuma ya mlango uliokataa kufunguka.

Kwa nini Pumzi? Kwa sababu alipiga picha za barafu iliyoota kwenye kioo kidogo cha mlango huo, upande wa ndani. Alifunga lenzi ya kamera mbovu kwenye simu kwa mpira, akasogea mpaka pua ikaribie kugusa kioo, kisha akabana pumzi. Ukipumua tu, ua lote limekwenda. Katika picha zake utaona manyoya, majani, matawi. Kitu cha upana wa ukucha kimejaa picha nzima. Dada yake alimtania kwamba hata mkewe hajawahi kutazamwa hivyo. Mke akamjibu wifi yake: "Mwache. Barafu haizai."

Siku ya mazishi, meneja alisimama mbele ya jeneza akasema marehemu aliponzwa na mapenzi yake. Eti alikataza kioo kisifutwe, ndiyo maana hakuna aliyemwona akigonga. Mama mzazi akainamisha kichwa kana kwamba mwanawe ameiba.

Ni kweli, aliomba kisifutwe. Sehemu gani? Pembe ya juu, mraba wa ukubwa wa kiberiti, aliouzungushia utepe mwekundu. Kwingine kote alifuta mwenyewe kila asubuhi.

Na Pumzi alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kusogea, alipiga kwanza picha ya mlango mzima, ili akumbuke ua lilichumwa wapi. Mkewe amezifungua picha hizo. Ni kumi na nne, kila moja na tarehe yake. Katika zote kumi na nne, kitasa cha ndani kimevunjika, kinaning'inia kwa waya. Miezi mitatu, wasikilizaji. Miezi mitatu, kitasa kwa waya. Alimweleza meneja mara tatu. Akajibiwa aendelee na maua yake.

"Wanasema alinogewa akasahau kutoka," mjane aliniambia. "Alikuwa ameniagiza nimchemshie maji ya kuoga. Mtu wa hivyo anasahau kutoka?"

Kwako mjane, kwa watoto, kwa wifi mtu, poleni sana. Mama, inua kichwa; mwanao hakukosea. Nawe unayetusikiliza ukiwa kazini, nenda kajaribu kitasa cha ndani. Nenda sasa, mimi nakungoja.

Mchana huu ghala limetuletea barua. Linataka kituo hiki kiombe radhi kwa kulichafulia jina katika taarifa yetu ya jana ya kifo hiki, na mwenye kuomba niwe mimi, hewani, kwa sauti yangu. Nimeisoma mara mbili. Sauti yangu ndiyo hii.

Siombi radhi.