Tarehe Kwenye Mtungi wa Mama Mdogo

Bisha. Bisha mpaka mishipa ya shingo ikutoke, lakini leo asubuhi mtu mzima mwenye buti na glavu ameniambia, macho makavu, kwamba mtungi wa gesi unaowaka vizuri kabisa haufai kujazwa. Mimi na shule tuliachana mapema, kwa ridhaa ya pande zote mbili, ila moto naujua: ukiwaka umewaka. Basi nikalibeba hilo hadi kijiweni, kwenye benchi letu kati ya duka la simu na karakana ya baiskeli, pale muuza kahawa anapotua birika lake jua likianza kupoa. Walikuwepo Redio, mlinzi mstaafu asiyezima redio wala mdomo. Mheshimiwa, aliyegombea uenyekiti wa mtaa akapigiwa kura na mkewe tu, na hata hiyo ana mashaka nayo. Na Nati, fundi baiskeli, anayeapa kwa chuma kama wengine wanavyoapa kwa mama zao. Mimi wananiita Turbo. Sababu utaiona.

Nati: We Turbo, mbona umenuna? Umekataliwa tena?

Mimi: Nimedhalilishwa, bwana. Mnalijua gari-nyumba la mama mdogo?

Mheshimiwa: Lile lenye kitanda na jiko ndani? Lilifunga mtaa mzima siku ile likitafuta pa kugeuzia!

Mimi: Hilo hilo. Wenye nafasi zao walikuwa wanalitumia kwendea mapumziko porini. Sasa mama mdogo analala humo na kuwapikia mafundi wa barabara. Kambi ikihama, naye anahama. Kesho alfajiri wanahama. Bila gesi hawamchukui, na kuna mwenzake anainyemelea nafasi hiyo usiku na mchana. Nikamwambia, mama, tulia, lete mtungi, mimi nina watu pale kituo cha gesi.

Redio: Kuna mahali huna watu, wewe?

Mimi: Nifanyeje, napendwa. Nimefika, jamaa hata kwenye mizani hajaupandisha. Kainama, kasoma tarehe iliyogongwa kwenye kola, ile pete ya chuma inayozunguka koki, kanyanyuka: "Huu umepitisha muda wa kupimwa upya. Siujazi. Peleka kwa mpimaji, au tafuta mwingine."

Nati: Chuma kimepitisha muda?

Mimi: Chuma!

Nati: Kwani maziwa? Reli ina tarehe? Nyundo yangu niliachiwa na babu, na babu aliikuta. Nani ameipima?

Muuza kahawa: Punguza mikono, fundi, utanimwagia.

Redio: Mimi nitawaambia kitu ambacho redioni hakisemwi. Anayeandika hiyo tarehe ni nani? Mtengeneza mitungi. Anayeuza mitungi mipya ni nani? Yeye yule. Umeelewa hapo?

Mheshimiwa: Huo ni uonevu uliopangwa! Mimi nimefanya kazi miaka yote, sijaambiwa nistaafu, sina kiinua mgongo. Mtungi, kitu kisicho hata na watoto, unastaafishwa kwa heshima!

Redio: Sijamaliza. Mtungi wako wanaukataa, wewe unaenda zako umevunjika moyo, wao wanauchukua, wanaupaka rangi, wanakuuzia wewe wewe. Unanunua mtungi wako mwenyewe na asante unasema.

Nati: Ndiyo maana mipya huwa inanuka rangi!

Mheshimiwa: Mkinyamaza kwa mitungi, kesho watakuja kwa masufuria. Kesho kutwa utakaa kwa kinyozi, akufunue kisogo, akute tarehe: "Mzee, kichwa hiki kimepita muda, sinyoi, katafute kingine."

Tulicheka, lakini kicheko cha hasira. Nikajiona shujaa. Nikaongeza chumvi kidogo: kwamba yule jamaa aliniita mshamba, kwamba nilimshika kola, yake siyo ya mtungi, kwamba watu walinipigia makofi. Redio akazima redio. Hilo halijawahi kutokea.

Nati: Sasa sikiliza. Nina patasi za namba mle ndani. Nakata tarehe ya zamani kwa tupa, nagonga mpya. Kalete mtungi.

Mheshimiwa: Hapana! Tunaandamana nao hivyo hivyo. Tunauweka mbele ya kituo, mimi nahutubia. Kalete mtungi, kijana!

Redio: Tena uwashwe pale pale, waone unavyowaka. Turbo, kalete.

Mimi: Nitauleta, jamani, haraka ya nini? Kahawa kwanza.

Kulikuwa na dada mmoja amekaa mwisho wa benchi, mgeni, anasubiri simu yake itengenezwe.  Akageuka.

Dada: Samahani kaka zangu. Huo mtungi sasa hivi uko wapi?

Redio akamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa akamtazama Nati. Nati akanitazama mimi. Wote walikuwa wameutetea kama ndugu yao wa damu, na hakuna aliyejua ulipo.

Mimi nilijua.

Mimi: Uko kwa mama mdogo, kwenye gari-nyumba. Umeshajazwa.

Nati: Umejazwa na nani, si umekataliwa?

Basi nikawaambia. Kwamba kutoka kituoni nilikwenda kweli kwa mpimaji, mlango wa tatu kutoka pale. Kwamba alipaka povu la sabuni shingoni mwa koki, na kwa gesi ile kidogo iliyobaki povu likaanza kutoa viputo, kimoja, kingine, taratibu kama mtoto anayepulizia maziwa. Akageuza mtungi: kitako kimeliwa na kutu hadi ukucha unazama. "Huu sio wa kubadilishia koki tu, ndugu yangu. Huu umekufa. Na gesi hii ni nzito, inalala chini sakafuni, huioni." Ila mimi nilishasema nina watu. Ningerudi kwa mama mdogo na mtungi mtupu, niseme watu wangu wamenikana? Nikaenda nyuma ya magereji, kwa jamaa anayejaza bila kuuliza.

Dada: Mpigie.

 Nati alinyoosha mkono, akaiweka simu yake kwenye kiganja changu. Ikaita, ikaita. Hata mtu wa kahawa aliacha kugongesha vikombe.

Mama mdogo: Ndiyo, mwanangu.

Mimi: Mama, usiwashe jiko. Usiguse swichi. Acha mlango wazi, toka nje sasa hivi.

Mama mdogo: Nimeshika kiberiti hapa, kwani—

Mimi: Toka, mama!

Tukasikia viatu vyake, kisha upepo.

Mama mdogo: Nimetoka. Haya, sema.

Mimi: Mtungi unavuja.

Mama mdogo: Unavuja! Tangu nimerudi sokoni nasikia harufu. Nikajiambia, hapana, pua yangu tu, mtungi si umetoka kupimwa leo? Nimeinama mwenyewe nikaiona tarehe mpya kwenye kola. Nikaiamini tarehe, nikaidharau pua yangu. Na huyo mpimaji wako ni mtu wa namna gani? Anaandika tarehe kwenye mtungi unaovuja, mimi nilale juu yake! Nitajie jina lake. Kambi ihame, isihame, mimi leo simwachi. Nani ameandika ile tarehe?

Simu ilikuwa kwenye spika. Redio, Mheshimiwa, Nati, yule dada, wote wananiangalia mdomoni. Hicho ndicho kipande nilichokiruka. Hata nilipokuwa nawasimulia habari za mpimaji, nilikiruka.

— Mimi, mama. Kwa brashi, na ile rangi nyeupe ya namba za magari. Niliiandika mimi.