Bi Siwema na Sinia la Quiterajo

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Siwema Aiuba, mkuu wa jiko na ukumbi wa Baraza la Muungano wa Pwani, anastaafu baada ya kulitumikia baraza kwa miaka ishirini na minane. Wenyeviti wamekuja na kuondoka, yeye yupo. Wote walimwogopa, na aliyekana hilo alikana kwa sauti ya chini huku akichungulia mlango wa jikoni.

Kwa wageni wetu wa leo, baraza hili linaunganisha Wamwani, Wamakonde, Wamakua na sisi Waswahili, kuanzia Quiterajo hadi Quionga, na hukutana Mocímboa da Praia. Desturi yake tangu mwanzo ni kwamba kila kijiji kinakula kwenye sinia lake. Anayetaka kujua nani amefika haulizi majina, anatazama masinia. Bi Siwema alikuja kutoka kwao Quiterajo mwaka 1997 kusaidia kwa wiki moja tu, mpishi alipougua. Mpishi alipopona, alikuta nafasi yake imeshapata mwenyewe.

Sifa zake mnazijua. Pilipili yake imewatoa machozi watu wazima, na akiimba jikoni hata paka huhama. Lakini kazi anaijua. Mjadala wa visima ulipokwama siku ya pili, alileta wali wa nazi, akauonyesha ukumbi mzima, kisha akaurudisha jikoni mpaka watakapokubaliana. Walikubaliana kabla haujapoa.

Kubwa kuliko yote ni lile la mwaka serikali ilipogatua madaraka, ikatuachia tuamue wenyewe mambo ya visima, masoko na njia za vijijini. Madaraka yalipokuja, ugomvi wa viti ukaja nayo. Mwalimu Armando, kiongozi wa wajumbe wa mjini, alishika msemo wa wengi wape: mjini kuna watu tele, kwa nini sauti yao ilingane na ya Quionga, iliyoleta wajumbe wawili na mbuzi? Bwana Abacar wa Quionga akamjibu kwamba muungano ulifungwa na vijiji vilivyo sawa, na kwamba mkubwa akihesabu vichwa kila siku, mdogo hana haja ya kupoteza nauli. Mwenyekiti wetu, Mzee Suleimane, alikuwa amechoka na kelele. Akaamuru kwamba kwa sasa kila kitu cha baraza kigawanywe kwa idadi ya watu. Bi Siwema alisikia amri hiyo dirishani, na akaitii.

Mchana ule masinia ya mjini yalijipanga ukumbini toka ukuta hadi ukuta. Quionga ililetewa kisahani cha kikombe cha chai, chenye kijiko cha wali na mkia wa changu. Bwana Abacar alikitazama, akapiga bismillahi, akakimaliza kwa tonge moja, kisha akaomba kijiti cha kuchokolea meno. Ukumbi ulicheka mpaka Mzee Suleimane akafuta amri yake palepale, akasema kesho vijiji vyote viwe sawa.

Kesho yake basi, sinia moja kila kijiji. Wajumbe wa mjini walilizunguka lao kwa kusukumana, na Mwalimu Armando alikula kwa kunyoosha mkono juu ya mabega ya wenzake, tonge likimwagikia shingo ya mtu. Pembeni, Bwana Abacar na mwenzake walikuwa wameinamia mlima wa wali. Bwana Abacar alivumilia kidogo, kisha akaita: "Mwalimu, njoo huku bwana. Sisi wawili hili hatuliwezi." Mwalimu alikwenda. Jioni ile ikapita sheria tunayoifuata hadi leo: kila kijiji kina viti viwili visivyoguswa, na vinavyobaki vinagawanywa kwa idadi ya watu. Bi Siwema akiulizwa kama alikusudia, husema aliambiwa kila kitu, akagawa kila kitu. Mimi ni mkalimani wa baraza hili, na tabasamu linalofuata jibu hilo sijapata kulitafsiri.

Kisha vita vikatufikia, tukatawanyika. Tulikutana Pemba, kwenye ua wa kuazima, na Quiterajo haikuleta mtu. Kijiji kilikuwa kitupu. Bi Siwema aliendelea kuandaa sinia lake, akaliweka mahali pake, likakaa bila mkono, na baada ya kikao akalipeleka kwa waliokimbia vita. Asubuhi moja nilimwona akilia jikoni, akasingizia moshi. Saa hiyo alikuwa bado hajawasha kuni.

Mwaka jana, tuliporudi Mocímboa, wajumbe kadhaa walitaka viti viwili vya Quiterajo wapewe wenye watu, kwa kuwa pasipofuka moshi si kijiji. Hoja ilikuwa na nguvu, nasi wengine tuliogopa. Bi Siwema hana kura. Alisimama mlangoni ameshika sinia mjadala wote, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake chakula kilichelewa. Aliyeinuka ni Mwalimu Armando. Alisema yeye ndiye aliyeleta habari ya kuhesabu vichwa, na vichwa vya watu wa Quiterajo bado vipo shingoni mwao, wawe Pemba au Montepuez. Wahesabiwe popote walipo, kwa jina la kwao. Kura zilitosha, kwa shida.

Sasa watu wameanza kurudi Quiterajo. Mwezi uliopita walichagua wajumbe wao wawili. Mmoja ni Bwana Aly, fundi wa mashua. Wa pili walimchagua hata kabla hajaulizwa kama anataka, naye alipoletewa habari aliketi juu ya gunia la mchele, akauacha wali uungue. Sisi tunaomjua tuliogopa kuliko siku ya vita.

Bi Siwema, ahsante kwa kutushibisha na kwa kutukemea. Mungu akupe afya, akujaalie kuiona Quiterajo imejaa tena, nasi tunakutakia kila la heri katika maisha yako mapya. Ombi letu ni moja tu. Kikao cha Julai, usiingie jikoni. Sinia la Quiterajo litaletwa pale pale ulipoliweka miaka yote. Safari hii nawa mikono, mama, ukae, ule.