Mama Kiti Anasogea Tena

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwenzetu wa idara ya vikundi anastaafu baada ya kulitumikia shirika letu kwa miaka ishirini na sita. Jina lake kamili liko kwenye barua ya ajira, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia. Vijijini wanamwita Mama Kiti, nasi ofisini tukadakia. Nimeombwa niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajitahidi, ila mjue kwamba mimi ndiye ninayeshika nafasi yake Jumatatu, na naogopa.

Aliajiriwa kufundisha familia za kipato kidogo kuweka na kukopa kwa pamoja. Kila wiki wanakutana, kila mmoja ananunua hisa kwa kadiri alivyojaliwa, na fedha zinaingia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanakaa nazo wanachama watatu tofauti, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Kwa mkopo wa humo mtu hununua mbegu, kuku wa kuanzia, au bati za kumalizia paa. Kazi yenyewe haina maajabu. Shida aliyoiona mapema ni kwamba likizuka swali lolote, kikundi kizima kilimgeukia yeye. Hata nani afunge dirisha, walimtazama yeye usoni.

Ndipo akaanza mambo yake ya kiti. Mumewe, fundi cherehani, alimshonea mkoba wa turubai wa kubebea kiti cha kukunja, na kiti hicho kikawa kinafungwa nyuma ya pikipiki ya ofisi kila safari. Mikutano ya kwanza alikiweka katikati ya watu. Baada ya muda kikahamia ukutani. Baadaye mlangoni, kisha nje upenuni, kisha ng'ambo ya barabara, mpaka ikafika siku hakuja kabisa na hakuna aliyeuliza yuko wapi. Binti yake mkubwa anasema hata kupika alifundishwa hivyo hivyo. Mama alianzia jikoni akaishia uani, akipaza sauti kuhusu chumvi, na chakula cha kwanza cha binti kiliungua na kikaliwa hivyo hivyo bila mtu kuguna.

Msidhani ni mtu wa moyo mgumu. Mimi sijaona mtu mwenye wasiwasi kama huyu. Akishafunga mlango wa ofisi anarudi kuutikisa, akifika getini anarudi tena. Dereva wa pikipiki akichelewa kidogo tu, yeye keshamzika. Siku ya mgao, wanachama wanapogawana akiba ya mwaka mzima, hagusi chakula mpaka asikie kila mmoja amefika kwake salama. Wasiwasi ukimpanda hutafuna ncha ya mtandio na kushika chochote kilicho karibu kwa mikono miwili, kama vile kinataka kutoroka.

Na ana sababu. Miaka yake ya mwanzo alikisogeza kiti haraka mno kwenye kikundi kimoja cha wafuga kuku. Hazikupita wiki nyingi, mwenyekiti akaanza kukopesha shemeji zake, watu wakanuniana, kikundi kikafa, na kuku wa mradi wakaishia sokoni. Alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wengi walimkubalia wakaanza upya. Mjane mmoja alimfungia mlango, na hadi leo hajarudi kikundini. Mama Kiti hapiti njia ile bila kugeuka kuutazama mlango huo.

Mimi nilimjua vizuri siku ya wafinyanzi. Nilikuwa mgeni kazini. Kikundi chao kinakutana kwenye banda la kukaushia vyungu, na siku hiyo kiti kilishafika nje upenuni. Tulikuwa tumekaa wawili, mimi juu ya tofali. Ndani mama mmoja mfinyanzi alikuja na mtoto mgongoni, amechemka kwa homa, anaomba msaada wa matibabu. Sanduku likaletwa. Kufuli mbili zikafunguka, ya tatu haikufunguka, kwa maana mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake mbali, na ufunguo umo kwenye pindo la nguo yake.

Ukazuka ugomvi. Mmoja alitaka nyundo. Mwingine akasema nyundo ikishaingia leo, hakuna sanduku tena. Mtoto analia. Sauti moja ikapaa: "Si yupo hapo nje? Mwiteni Mama Kiti!" Nikainuka. Bila kuachia kiti alichokikamata kwa mikono miwili akaniambia, "Kaa chini, mwanangu. Tukiingia kwa hili, kesho watatuita kufunua sufuria." Nikakaa, lakini sikumwelewa, na kusema kweli nilimchukia. Niliona mtu anayelinda utaratibu wake wakati mtoto anaungua.

Kisha mwekahazina, mama mkali asiye na maneno mengi, akafungua fundo la kanga yake na kuweka chini fedha alizokuwa nazo. Mwingine akafuata. Zilipotosha, muuza matofali wa jirani akawashiwa moto kwa maneno mpaka akatoa pikipiki, na mtoto akapelekwa. Sanduku likabaki limefungwa. Mama Kiti akasimama. Alipoachia kiti nikaona noti zimebanwa kwenye kiganja chake, zimelowa jasho chapachapa. Ilikuwa ni nauli na hela ya dawa. Alikuwa anazishikilia muda wote, akisubiri kwanza waone kama wanaweza. Hasira yangu ikaisha hapo hapo, nikabaki na aibu na hofu.

Mtoto alipona. Wiki iliyofuata wafinyanzi wenyewe waliamua kwamba mwenye ufunguo akisafiri, anauacha kwa mwenzake mbele ya kikundi. Utaratibu huo sasa unafuatwa na vikundi vyote zaidi ya mia alivyoviacha vikijiendesha. Ripoti zetu zinauita mbinu bora ya shirika. Wafinyanzi wakisikia hivyo hucheka sana.

Sasa niseme kilichonitia baridi wiki hii. Mnakumbuka meza yake ilikuwa katikati ya chumba chetu. Mwaka jana aliomba kuhamia karibu na kabati, eti feni inampa mafua. Baadaye akataka mlangoni, eti kuna mwanga. Miezi mitatu sasa yuko kwenye ujia, na mhasibu akaeneza kwamba anafuata chupa ya chai. Jumanne wakapiga simu wale wafuga kuku walioanza upya, wamegombana, wanataka kuvunja kikundi. Nikawasikiliza, nikawauliza, wakapigizana kelele, wakatulia, wakapanga kukutana nami Jumatatu. Nilipoweka simu ndipo nikainua macho. Mama Kiti alikuwa kule kwenye ujia, ncha ya mtandio mdomoni, ameishika meza kwa mikono miwili.

Sikuwahi kufikiri kwamba na sisi ofisini ni kikundi chake. Wala sijui kama tumeiva, au tutakufa kama kikundi kile cha kwanza cha wafuga kuku. Nadhani hata yeye hajui.

Mama, asante kwa miaka yote hii, na kwa hofu uliyoibeba badala yetu ukatuacha tudhani ni ugumu wa moyo. Mumeo, watoto na wajukuu wakufaidi sasa. Tunakuombea afya, usingizi mnono na siku zisizo na simu za vikundi. Kiti ni chako, nenda nacho, kiweke barazani kwako. Ukisikia habari kwamba tunagombana, kishike kwa mikono miwili na usije. Ila nauli, mama, iwe kiganjani.